Huduma kwa abiria wa daladala na vivuko Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikuwa konda wa ruti ya Kisesa kwenda Mjini kwa miaka saba. Siku hizi nakaa na makonda, madereva na wenye magari tukizungumzia jinsi ya kumhudumia abiria na jinsi ya kuishi vizuri kazini. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokutana. Mengine yameletwa na abiria waliochoka kufokewa.

Kwa nini makonda ni wakali hivi? Hawakufundwa kwao?

Wamefundwa. Konda anayekufokea Buzuruga saa mbili asubuhi, ukienda kwao Jumapili atakuamkia na kukusogezea kiti. Kinachombadilisha akipanda garini ni hesabu.

Kwa asiyeijua kazi hii: hesabu ni kiasi ambacho dereva na konda lazima wampelekee tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, gari liwe limejaa au halikujaa. Tuchukue mfano. Tajiri anataka 70,000 na mafuta ya siku ni 80,000. Jumla ni 150,000. Kwa nauli ya 600 hao ni abiria 250. Yaani abiria 250 wa kwanza wa siku ile wanamlipa tajiri na kituo cha mafuta. Abiria wa 251 ndiye wa kwanza kumlipa konda na dereva wake, na hapo bado hawajala, hawajalipa ushuru wa stendi wala hawajampoza mpigadebe.

Ukishaielewa hesabu hiyo, mengi unayoyaona barabarani utajua yametoka wapi: kusimamisha watu wakati siti zimejaa, kuondoka kabla bibi hajakanyaga chini vizuri, kugombania abiria Igoma, kumkataa mwanafunzi. Sisemi kwamba ni sawa. Nasema kwamba ukimpeleka konda semina ya tabasamu, kisha kesho yake ukampa hesabu ile ile, saa nne asubuhi semina itakuwa imeisha.

Mimi ni mwenye gari. Nikiacha hesabu si nitaibiwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na halina jibu la sentensi moja.

Kwanza, kwa hesabu ya kudumu tayari hujui gari lako linaingiza nini. Unajua tu unachopewa. Siku ya mavuno vijana wanabaki na kingi, siku ya mvua wanakopa ili kukutimizia, na wewe pande zote mbili huoni kitu. Unakuja kuona gari linapokufa mapema kwa sababu lilikimbizwa.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni mgao. Kila tripu inaandikwa kwenye daftari: saa, waliolipa nauli kamili, wanafunzi. Jioni mafuta yanatolewa, kinachobaki kinagawanywa kwa asilimia mliyokubaliana. Wiki mbili za kwanza utapanda gari lako mwenyewe mara moja moja, saa tofauti, ukae siti ya nyuma. Baada ya hapo utakuwa umeshaijua ruti yako, na mtu akikuandikia uongo utauona.

Wengine wanapendelea mshahara wa mwezi na posho kidogo kwa kila siku. Hiyo ni nzuri zaidi kwa kijana mwenye familia, lakini inahitaji tajiri anayelipa tarehe ile ile kila mwezi. Kama hujiamini katika hilo, anza na mgao.

Na kama huwezi kuacha hesabu kabisa, basi angalau iwe na ngazi. Siku ya kawaida kiasi hiki, siku ya mvua kubwa kiasi hiki, siku gari lililala gereji nusu siku lisidaiwe siku nzima. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi alinidai hesabu kamili ya siku ambayo pampu ya mafuta ilikufa Mabatini saa saba mchana. Nililipa kwa kukopa. Wiki nzima iliyofuata sikumtazama abiria hata mmoja usoni. Nilikuwa naona mia sita sita tu zikipanda na kushuka.

Deiwaka, yaani konda wa kushikia kazi kwa malipo ya siku, ana haki zozote?

Ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na hata ukiongeza saa za ziada siku isizidi saa 12. Aliyeajiriwa kwa kudumu anastahili likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka na maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Sasa pima: gari linalotoka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku limefanya kazi saa 17. Konda mmoja hawezi kuzibeba hizo na bado akakumbuka kukusalimia.

Kwa hiyo deiwaka asiwe mtu wa kuokotwa kijiweni pale konda anapozimia kwa uchovu. Mpangie zamu. Wa asubuhi anashuka saa nane, wa jioni anapanda. Makabidhiano yafanyike gari likiwa limesimama stendi, pesa zihesabiwe wote wawili wakiwepo. Ugomvi mwingi wa makonda huanzia hapo, na abiria ndiye anayeupokea. Mgogoro ukishindikana kuzungumzwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na kwa aliyeachishwa kazi isivyo haki muda wa kufungua shauri ni siku 30. Wengi huja kuuliza miezi mitatu baadaye.

Wanafunzi je? Kila asubuhi wanaachwa kituoni.

Nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na kuanza Desemba 2023 ziliweka 600 kwa mtu mzima katika ruti ya mjini isiyozidi kilomita 10, na 200 kwa mwanafunzi. Tofauti ni 400 kwa kila denti. Gari likibeba wanafunzi 60 kwa siku, zimepungua 24,000, sawa na nauli za watu wazima 40. Tajiri anajua hivyo, serikali inajua hivyo, lakini hesabu ya jioni inadaiwa kana kwamba wote walilipa 600. Mzigo wote umetua begani kwa konda, naye anautua kwa mtoto wa darasa la tatu.

Nimesimama mlangoni nikawaambia watoto "hakuna nafasi" huku siti zipo. Nakumbuka nyuso zao mpaka leo, hasa wale wadogo wanaorudi nyuma hatua mbili bila kubisha, wameshazoea.

Ninachowaomba wenye magari ni kitu kimoja: wanafunzi waandikwe kwenye daftari na wakatwe kwenye hesabu. Ukimbebea tajiri wanafunzi 60, apokee hesabu iliyopunguzwa 24,000 siku hiyo. Ukifanya hivyo utashangaa jinsi ugomvi wa mlangoni unavyotulia ndani ya wiki moja.

Kwa makonda: mwanafunzi aliyelipa 200 amelipa nauli yake yote. Siti aliyokaa ni yake. Akiamua kumpisha mzee, hiyo ni adabu aliyofundishwa nyumbani, lakini wewe usimnyanyue kwa amri ili umkalishe mtu mzima mwenye nguvu zake. Na usiwakusanye wote wasimame karibu na mlango. Ukifunga breki pale ndipo wanapoumia.

Chenji. Kila siku ugomvi ni wa chenji.

Nauli ya 600 na noti ya 1,000 maana yake kila abiria anadai 400. Konda anayeanza siku bila sarafu ameanza siku na ugomvi. Tafuta chenji jioni ya jana: kwa mama ntilie, kwa muuza maji, dukani. Tenga mfuko wa sarafu pekee.

Ile tabia ya kuwapa abiria wawili wasiojuana noti moja na kuwaambia "mtagawana huko chini" iachwe. Nimewaona watu wazima wawili wamesimama juani pale Igoma, mmoja anaelekea Kisesa na mwingine anavuka barabara, wakihangaika na noti ambayo hakuna dukani wa kuichenji. Na kama huna kabisa, sema kabla gari halijaondoka: "Mama, sina chenji ya elfu kumi, una ndogo?" Ukisema baada ya kupokea, umeshachukua.

Rudisha chenji kabla abiria hajaikumbuka. Konda anayengoja mpaka aombwe anaonekana alitaka kuila, hata kama hakuwa na nia hiyo.

Abiria wenye samaki na dagaa tuwafanyeje?

Huu ni mji wa samaki. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba ndiko riziki ya maelfu ya watu inakotoka, na mama anayebeba ndoo ya sato au gunia la dagaa anaenda kazini kama mwalimu na karani waliokaa karibu naye. Kumkunjia pua ni kumkunjia pua mtu anayelisha mji.

Lakini mwalimu naye ana haki ya kufika shuleni bila maji ya samaki kwenye sketi yake. Kwa hiyo mpangilio ni huu. Ndoo iwe na mfuniko, na isipokuwa nao konda awe na mfuko wa nailoni na kamba. Ikae nyuma au chini ya siti ya mwisho, kamwe si njiani. Bei ya mzigo isemwe kabla haujapandishwa, isiwe mzigo uko juu ndipo unaanza kudai. Sakafu imwagiwe maji na kupigwa sabuni kila gari linapopumzika mchana, maana harufu inayomuudhi abiria ni ya samaki wa jana.

Mwaka wangu wa kwanza nilimshusha mama mmoja Mabatini pamoja na ndoo yake, kwa sababu abiria wawili walilalamika. Alikuwa ameshalipa. Sikumrudishia nauli. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, na wewe ulikula nini jana?" Nilikuwa nimekula dagaa.

Gari limeandikwa Kisesa, tunashushwa Igoma. Hii ni halali?

Si halali. Gari linapewa leseni ya ruti na ruti hiyo ina mwanzo na mwisho. Kukatisha ni kosa, na abiria aliyelipa mpaka mwisho anastahili kufikishwa mwisho. Hali ni hiyo hiyo kwa magari ya Buhongwa yanayogeuzia Mkolani.

Likiharibika kweli, konda arudishe nauli au awalipie abiria gari la mbele, papo hapo, kabla hawajauliza.

Konda azungumze Kisukuma na abiria?

Kumwamkia mzee "mwangaluka" asubuhi na kumshukuru kwa "wabeja" kunafungua moyo wake, na kama ni lugha yako, itumie. Ila usidhani kila mtu ni Msukuma. Humo ndani kuna Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkurya, Mwarabu wa dukani na mwanachuo aliyefika wiki iliyopita kutoka Mtwara. Nauli, kituo na tahadhari zisemwe kwa Kiswahili, kwa sauti inayofika siti ya nyuma.

Sisi makonda tunatukanwa pia. Hilo mnalionaje?

Naliona, na nimelipitia. Kuna abiria anayekuita "wewe" tangu Mjini mpaka Kisesa, anayekunja noti na kukurushia, anayekuhukumu mwizi kabla hujapokea kitu. Konda ana mama. Mwite "kaka", "dada", "mwanangu", au konda tu kwa sauti ya mtu na mtu.

Ukitukanwa, jibu langu kwa makonda ni hili: usijibu ukiwa umesimama mlangoni na gari linatembea. Ngoja kituo. Dereva naye asijiunge. Tulikuwa na makubaliano na dereva wangu kwamba mmoja wetu akipandisha hasira, mwingine anasema neno tulilolichagua, na huyo wa kwanza ananyamaza mpaka kituo kinachofuata bila kuuliza sababu. Lilituokoa mara nyingi.

Wanawake wanaofanya kazi ya ukonda wanahitaji nini?

Choo. Naanza na hicho kwa sababu wenyewe huanza nacho. Mwanaume anajisaidia popote, ingawa haifai. Mwanamke anayezunguka na gari kutwa anapunguza kunywa maji ili asihitaji choo, na hilo linamuumiza figo. Tajiri aongee na wenye vyoo vya stendi alipe kwa mwezi.

La pili ni kurudi nyumbani. Zamu ikiisha saa nne usiku, gari limfikishe karibu na kwake, hiyo iwe sehemu ya kazi na isiwe fadhila ya dereva. La tatu ni mikono ya watu, abiria na wenzake wa stendi. Mkuu wa stendi au tajiri akiambiwa, asimuulize alivaa nini. Amwondoe aliyemshika.

Wapigadebe wananinyang'anya begi Nyegezi. Nifanye nini?

Shikilia begi lako, elekea moja kwa moja ofisi ya basi uliyokatia tiketi, usimkabidhi mtu asiye na kitambulisho. Stendi za Nyegezi na Nyamhongolo zina uongozi; mweleze. Na kampuni ya basi inayomlipa mpigadebe kwa kila kichwa anacholeta ijue kwamba begi linapovutwa, inavuta yenyewe.

Kwenye vivuko huduma nzuri ni ipi?

Hapa naomba unisome taratibu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Miaka 22 kabla yake, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama alfajiri ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia wakafa. Kanda hii haina familia nyingi ambazo hazikuguswa na moja ya siku hizo mbili.

Kwa hiyo kwenye maji huduma nzuri huanza na kukataa abiria. Chombo kikifika idadi yake, mnyororo unafungwa, hata kama aliyebaki nje ni mjomba wa nahodha. Hilo haliwezekani kama utamaduni wa kazi ni wa "bosi kasema". Kijana anayehesabu getini lazima awe na mamlaka ambayo hakuna simu inayoweza kuyavuka, na siku akifunga mnyororo mapema kwa kukosea, asikaripiwe. Akikaripiwa mara moja tu, mara ya pili ataacha wazi. Anayeuza tiketi asiwe ndiye anayehesabu watu.

Namna ya kukataa nayo ni huduma. Mwambie mtu chombo kinachofuata ni saa ngapi. Mpe namba ya foleni ili asipoteze nafasi yake. Mama mwenye mtoto akae kivulini. Mtu aliyeelezwa vizuri husubiri. Aliyefungiwa mnyororo bila neno ndiye anayeruka.

Maboya yaoneshwe yalipo na jinsi ya kuyavaa kila safari, hata kama waliopanda ni wale wale wa jana.

Tangu daraja lifunguliwe kuna kilichobadilika kwa mhudumu wa basi?

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Zamani abiria wa Sengerema na Geita walishuka Kigongo, wakanyoosha miguu, wakanunua samaki wa kukaanga, wakaenda msalani, ndipo wakavuka na kivuko. Sasa basi linapita dakika chache tu.

Ni neema kubwa, hasa kwa wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Bugando. Ila ile nafasi ya kupumzika imeondoka na makonda wengi hawajaiwekea mbadala. Mzee mwenye kisukari anakaa kimya akiumia kwa sababu anaona aibu kusema anataka kuchimba dawa. Usingoje aombe. Kabla ya kutoka tangaza basi litasimama wapi, na pawe mahali penye choo, si kichakani.

Dereva wa basi la usiku anasinzia. Abiria afanye nini?

Mwambie konda mara moja, kwa sauti, na wengine wakuunge mkono. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, na kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi la safari hiyo linatakiwa kuwa na madereva wawili. Uliza ukiwa stendi: wa pili yuko wapi, na amelala wapi? Dereva aliyeingia Nyegezi asubuhi na kugeuzwa mchana hajapumzika, hata kama karatasi inasema amepumzika.

Malalamiko nipeleke wapi ili yafanyiwe kazi?

Kwa magari ni LATRA, ambayo ina ofisi Mwanza. Kwa meli na vivuko, usalama wake unasimamiwa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Andika namba ya gari, ruti, saa, kituo na ulichoambiwa. "Konda wa Kisesa alinitukana" haimfikishi mtu popote, kwa sababu makonda wa Kisesa ni wengi. Tiketi yako ihifadhi. Na kama kuna konda aliyekufanyia wema, mpigie tajiri wake. Namba mara nyingi imeandikwa ubavuni. Simu hizo ni chache mno.

Nimesahau mzigo kwenye daladala. Nitaupata?

Mara nyingi unapatikana, ukiwahi. Rudi kituo ulichoshukia ukasubiri gari lirudi, au nenda mwisho wa ruti ukamwone karani wa stendi. Taja rangi ya gari, maandishi ya kioo cha nyuma, na ulikaa siti gani.

Kwa makonda: kila mwisho wa ruti, kabla hujapakia, pita siti zote mkono ukiwa chini. Ukikuta simu, usiizime. Ukikuta pesa, zihesabu mbele ya dereva. Ukikuta bahasha ya hospitali, hiyo usiipeleke stendi ikasubiri. Fungua, soma jina, piga namba iliyoandikwa juu yake. Niliwahi kukuta faili la kliniki ya mtoto chini ya siti ya nyuma, Kisesa, saa moja asubuhi. Miadi ilikuwa siku ile ile. Tulimtuma bodaboda akalipeleke Bugando, tukalipa wenyewe mimi na dereva, na mama yule alikuwa bado kwenye foleni ya getini.